Unene wa Kijiti Kimoja

Jumatatu, 4 Machi
Asubuhi ya mawingu mepesi. Manyunyu kidogo kabla ya treni ya kwanza, kisha kukawa shwari.

Mdogo wangu Fundi Kesho,

Salamu nyingi kutoka huku. Bati la jikoni bado linavuja palepale uliposema utaziba kesho, na hiyo kesho sasa ina miaka miwili. Mkuu wa stesheni ametuletea kiti kipya katika chumba cha matangazo, kinachozunguka. Nimemwambia mtu anayetangaza treni hatakiwi kuzunguka, abiria ndio wazunguke. Hakucheka. Msalimie wifi yangu na umwambie kitambaa alichonitumia nimekishonea pazia, si gauni, maana rangi ile inataka dirisha kubwa.

Sasa lenyewe. Yale maumivu ya koo niliyokuambia ni mafua, si mafua. Ni uvimbe, upande wa kulia, nyuma ya gego la mwisho. Wamekata kipande wakakipima. Ni saratani, na wanasema imewahiwa. Neno hilo nimeliandika mara moja na sitalirudia. Jumatatu ijayo naanza mionzi, kila siku ya kazi, kwa karibu wiki saba.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu wewe kwenye simu husema "yatakwisha" kabla sijamaliza sentensi. Tena wameniambia koo litachoka, nipunguze maneno. Gadi wa treni ya usiku amekubali kubeba barua zetu. Umfuate stesheni, usimngojee nyumbani kama mfalme.

Kuna mama mmoja hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni mfupi, anavaa viatu vyeupe, na hacheki ovyo. Amenipima kinywa kwa rula ndogo, kutoka ncha ya meno ya juu hadi ya chini, nikiwa nimeachama mpaka mwisho. Sentimita nne na nusu. Akasema, "Hiki ndicho kinywa chako. Kazi yetu ni ukikute hivi baada ya mionzi."

Alinieleza kwamba mionzi inaua ugonjwa lakini inachoma na misuli ya kutafunia iliyo jirani. Misuli hiyo hukakamaa polepole kama kamba iliyolowa ikaachwa juani. Hukakamaa hata baada ya matibabu kwisha, miezi mingi baadaye, na ikishakaza sana hairudi kirahisi. Kwa hiyo mazoezi yanaanza sasa, kabla sijaumwa. Kuachama mpaka nisikie inavuta, kushikilia, kupumzika. Kupeleka taya kulia na kushoto. Kulisogeza mbele kama droo. Halafu vijiti: vile bapa ambavyo madaktari wanakandamizia ulimi. Unavipanga kimoja juu ya kingine, unaviingiza kati ya meno ya mbele, na ukizoea unachomeka kimoja zaidi katikati. Kwangu vinaingia ishirini na sita. Pia nijipime kwa vidole vyangu vitatu vikiwa vimesimama, kila asubuhi.

Amenipa fungu moja, na vinalowa vinavunjika upesi. Alisema naweza kutumia vyovyote vilivyo safi mradi viwe sawa na hivi. Nikasema nina mdogo wangu seremala. Nakufungia kimoja ndani ya bahasha kama mfano.

Habari za mama mkubwa sitaki tuzizungumze. Wewe unajua, mimi najua, inatosha.

Dada yako.


Jumatano, 20 Machi

Dada yangu Mama Ratiba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama karakanani, halafu nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Sikusema yatakwisha. Wifi yako ni shahidi.

Huku tu wazima. Mvua imetuharibia mbao mbili tatu, si nyingi. Wifi yako anasema pazia ni sawa, ila siku akija akikuta dirisha limependeza kuliko wewe mtagombana. Anakupa pole, na alipokuwa akisema hivyo alikuwa amenigeuzia mgongo, kwa hiyo nadhani alikuwa akilia.

Vijiti hivyo hapo. Nimetumia mbao nyeupe nyepesi, ile isiyo na utomvu wala harufu, tunayochongea miiko. Sikupaka rangi wala vanishi, usiogope. Nimevichemsha nikavianika juu ya kitambaa safi, na nimemfukuza paka kwa ajili yako. Nimeviweka sambamba na kile chako, nikafumba macho nikapapasa kwa kidole gumba, sikujua kipi cha hospitali kipi changu. Chako nimekitia kwenye kopo la penseli.

Ningevileta mwenyewe, lakini kuna shule imeagiza madawati na wananikaba koo. Nikimaliza nitakuja.

Fanya mazoezi yako. Wewe kuachama hukuanza leo. Baba alikuwa akisema ukipiga mwayo jioni, kuku wanadhani banda limefunguliwa wanaanza kujipanga.

Hilo ulilosema tusilizungumze, sijalizungumza.

Mdogo wako.


Ijumaa, 12 Aprili
Jua kali tangu asubuhi. Upepo wa vumbi kwenye reli.

Mdogo wangu,

Marahaba. Vijiti vilifika vimefungwa vizuri, na gadi aliniuliza kama nafungua duka la lambalamba.

Mama mwenye nyumba ananiletea maji ya moto asubuhi bila kuombwa, na mwenzangu wa kukatisha tiketi anapita jioni kunisimulia nani kaikosa treni ya nani. Kwenye kipaza sauti wamemweka kijana mmoja. Anasoma ratiba kama mtu anayetishia jirani. Juzi nilimsikia kutoka dirishani akiwaambia abiria "treni itaondoka" kwa namna ambayo hata mimi niliyekuwa kitandani nilitaka kukimbia. Mkuu wa stesheni ameniahidi kiti changu mpaka mwisho wa mwaka. Baada ya hapo, alisema, itabidi wafikirie. Alisema kwa upole, akiangalia saa.

Mionzi yenyewe haiumi. Unalala juu ya meza, wanakufunika uso kwa kinyago cha plastiki chenye matundu, kilichofinyangwa kwa sura yako mwenyewe, wanakibana mezani ili usitikisike, halafu wote wanatoka chumbani. Kinachouma kinakuja baadaye. Wiki hii ya tano kinywa changu ni vidonda vitupu. Mate yamekuwa mazito kama gundi yako. Uji una ladha ya sarafu, na chai pia.

Mazoezi nafanya. Mama wa viatu vyeupe alinishauri ninywe dawa ya maumivu kwanza, nisubiri ifanye kazi, ndipo nianze. Alisema siku nitakayotamani kuacha ndiyo siku yenyewe. Nafanya mbele ya kioo, na kila baada ya zoezi naandika kwenye shajara. Vijiti vimeshuka kidogo, ishirini na nne. Akasema kwa wiki hii hiyo ni kazi nzuri.

Kitu kimoja tu. Mbao inachoma. Kuna manyoya madogo juu yake ambayo kwa mtu mzima si kitu, ila kwangu ni kama kulamba ufagio. Unaweza kuvilainisha zaidi? Vile vidole vitatu nimeviacha kwa sasa kwa sababu kucha zinagusa vidonda. Vijiti vinatosha. Hesabu ni hesabu.

Madawati yanaendeleaje?

Dada yako.


Jumatatu, 22 Aprili

Dada,

Shikamoo na pole sana. Nimesikia aibu kwamba nimekuletea ufagio mdomoni.

Hivi ni vipya. Nimevipitisha randa nyepesi, halafu msasa wa kati, halafu msasa laini, halafu ule laini kabisa ninaotumia kwa viti vya maharusi. Nimesugua juu, chini na pembeni. Ukivipitisha kwenye kitambaa cha hariri havishiki uzi. Wifi yako amevishika akasema miaka kumi na tisa ya ndoa, kitanda chake hakijawahi kuona msasa huo. Nikamwambia kitanda hakina vidonda. Hajanisemesha tangu saa nne.

Ishirini na nne ni nzuri. Shikilia hapo hapo. Nimemweleza kila fundi hapa karakanani kwamba dada yangu yuko ishirini na nne, na sasa asubuhi wananiuliza "bado?" nami najibu "bado", wanafurahi kama timu imeshinda.

Madawati bado.

Mdogo wako.


Jumatano, 15 Mei
Baridi. Ukungu mpaka saa tatu, treni ya asubuhi ilichelewa.

Mdogo wangu,

Marahaba. Mionzi imekwisha tangu tarehe 26 ya mwezi uliopita. Walinipa kinyago changu nikichukue. Nimekitundika nyuma ya mlango, na usiku nikiamka nafikiri nina mgeni.

Vidonda vinapona. Vijiti vyako vipya ni laini kama sabuni, nakushukuru mno. Niko ishirini na nne, sijashuka hata kimoja. Kwenye shajara nimechora mstari, umenyooka kama reli. Nimejisifu kidogo.

Siku hizi mkate naukata vipande vyembamba, naona ndivyo unavyokuwa mtamu zaidi. Nyama nimeichoka, nakula supu. Nimejinunulia mswaki wa mtoto, wa rangi ya chungwa, una sura ya samaki kwenye mpini. Umenipendeza tu.

Hospitali wananitaka tena katikati ya Juni. Vijiti vimeanza kuchakaa, nina alama za meno kila mahali. Nitumie vingine laini kama vile, au zaidi ukiweza.

Hujaniambia lini unakuja. Siulizi tena, naandika tu kwamba hujaniambia.

Dada yako.


Jumatatu, 27 Mei

Dada,

Shikamoo. Haya, vingine hivi. Safari hii nimevizidisha, huwezi kujua kama ni mbao au pembe. Karakanani wote wamepitisha kidole. Hongera kwa mstari wako ulionyooka.

Nina kazi nyingi, nitaandika kwa kirefu.

Mdogo wako.

Wifi, mimi huyu mkewe nimeokota barua kabla haijafungwa. Ndugu yako huyu, maana bado ni mtoto wa kulea, ameisoma barua yako akaona mstari tu. Mimi nimeona mswaki. Mswaki wa mtoto wa nini, mtu mwenye mdomo wake mzima? Nijibu mimi, usimjibu yeye.


Alhamisi, 20 Juni
Mvua ya usiku iliendelea hadi asubuhi. Sijaangalia ilikatika saa ngapi.

Mdogo wangu, na wewe wifi, maana najua mnasoma wote,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo. Bati linavuja.

Wifi, uliuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe. Mswaki wa mtu mzima ulikuwa hauingii.

Nilikwenda Jumanne na shajara yangu chini ya kwapa. Nilitaka mama wa viatu vyeupe auone mstari. Hakuuangalia. Alichukua rula yake, akaniambia niachame, akaisoma, akaniambia nipumzike, akapima tena. Sentimita mbili na nusu. Nikamwambia amekosea. Nikamwambia niko ishirini na nne tangu Aprili, nina tarehe, nina saa. Nadhani nilipandisha sauti, kwa kiasi ambacho kinywa kile kinaruhusu. Hakubishana. Alitoa fungu jipya la vijiti vya hospitali, akanipa nivipange mwenyewe. Kumi na nne vikaingia, cha kumi na tano kikagoma. Nilikisukuma mpaka machozi yakanitoka, akanishika mkono akasema, "Inatosha, mama. Taya halifunguliwi kwa hasira."

Sijui nilikosea wapi. Nimepitia shajara ukurasa kwa ukurasa. Sikuruka siku, labda mbili tatu za vidonda vikali. Nilihesabu kwa sauti. Au nilikuwa nahesabu ninachotaka kukiona? Nimetangaza treni miaka ishirini na sita na sijawahi kuita treni ambayo haijafika. Sasa najiona mtu wa kujidanganya mchana kweupe.

Tulisema tusimzungumze mama mkubwa. Nakuomba ruhusa. Unakumbuka alivyorudi kutoka mionzi amepona, tukasherehekea, na hakuna aliyetuambia habari ya mazoezi. Kinywa kikajifunga mwezi hadi mwezi hadi ukabaki upenyo wa mrija. Wewe ndiye uliyekuwa ukimlisha, kwa sababu mimi nilikuwa kazini na mkono wako ulikuwa mwepesi. Meno yake ya nyuma yalioza na hakuna daktari aliyeweza kuingiza chombo. Alipona ugonjwa, akakonda kwa njaa mbele ya sahani.

Jumanne nilipotoka hospitali nilisimama mbele ya kioo nikamuona yeye.

Usije. Najua madawati hayo hayajawahi kuwepo. Sikulaumu, nami nisingependa kuona hili mara ya pili.

Dada yako.


Alhamisi, 18 Julai
Mawingu.

Mdogo wangu,

Sijui kama barua ya Juni ilifika. Gadi anaapa alimkabidhi wifi mkononi. Kila treni ya asubuhi namtazama akishuka, na akiniona ananionyesha viganja vyake viwili vitupu kutoka mbali, ili nisijisumbue kutembea.

Yule kijana wa ratiba alikuja kuniuliza kama kuna kitu changu chochote katika chumba cha matangazo ninachotaka aniletee. Alikuwa na adabu sana. Nikamwambia kuna sweta.

Vijiti nimevifungia kabatini. Sioni maana ya kuhesabu kitu kisichosema kweli. Nikisema maneno marefu taya linalia kama bawaba.

Kama nilikukwaza kwa kumtaja mama mkubwa, unisamehe.

Dada yako.


Jumatano, 24 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ya Juni ilifika. Ilifika siku ya pili tu.

Niliisoma yote siku hiyo hiyo. Nilipofika pale kwenye kumi na tano, nikaenda kwenye kopo la penseli nikatoa kile kijiti cha hospitali ulichonitumia Machi. Nilikuwa nimebakiza viwili vya lile fungu la mwisho, vilivyopinda. Nikaviweka juu ya meza, sambamba na kile chako. Sikuhitaji kufumba macho. Hata fundi kipofu angeona. Changu kilikuwa theluthi mbili tu ya unene wa chako, na pengine hakifiki.

Dada, hukuhesabu vibaya. Vilikuwa kweli ishirini na nne. Mimi ndiye niliyekuwa navipunguza. Ulisema vinachoma, nikasugua. Ulisema laini zaidi, nikasugua zaidi. Kila mara nikimaliza nafurahi, nafikiri nimekufanyia jambo, kumbe unga mweupe uliokuwa ukianguka chini ya meza yangu ni kinywa chako. Nimefanya kazi ya mbao tangu nikiwa kijana, na kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kwamba ukipiga msasa, mbao inapungua. Nikiunda kiti naacha unene wa ziada kwa ajili ya msasa. Kwako sikufikiria unene hata kidogo. Nilifikiria vidonda tu.

Nilikaa mwezi mzima bila kuandika. Nilianza barua nyingi. Wifi yako alidhani nimekasirika, nikamwacha adhani hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi. Ilipokuja barua yako ya pili, ile ya kabati, akaisoma kabla yangu. Alikuja nayo karakanani mbele ya mafundi wote akaniuliza, "Aliyemfungia dada yako mdomo ni nani?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Basi nenda ukamfungulie, kaa huko mpaka ufungue." Mafundi wakajifanya wana kazi.

Kuhusu mama mkubwa. Ile siku ya mwisho kijiko kidogo cha chai hakikupita. Nilikigeuza ubavu, hakikupita. Alinitazama akanipigapiga mkono, kama mimi ndiye mgonjwa. Tangu siku ile siwezi kumtazama mtu akila kwa shida. Madawati yalikuwepo, lakini yalikwisha mwezi wa Aprili.

Nimechonga vijiti vipya. Safari hii nimelainisha kingo tu, uso sikuugusa. Nimekwenda kwa jirani yangu fundi mashine, ana kile kipimo cha chuma chenye meno mawili cha kupimia unene wa bati, tukapima kimoja kimoja na chako. Vilivyopungua vimekwenda jikoni. Sivikabidhi kwa gadi. Nakuja navyo, treni ya tarehe 2 Agosti.

Toa vile vya zamani kabatini uvitupe. Mazoezi mengine usiache hata leo. Ulichoandika kwenye shajara si uongo wako.

Mdogo wako.


Jumapili, 10 Novemba
Asubuhi angavu, umande kwenye madirisha. Upepo mwanana kutoka upande wa ghala.

Mdogo wangu Fundi Kesho,

Marahaba. Natumaini baada ya ziara yako ya Oktoba ulifika salama mara hii ya pili pia, na wifi yangu amekukubali tena nyumbani. Mwambie bati halivuji. Mwambie na hili pia: asante kwa swali la mswaki, nitamshonea gauni, la rangi atakayochagua yeye.

Nimeona niandike kwa mpangilio, maana ulipoondoka nilikuwa na haraka ya kukufukuza usikose treni.

Mama wa viatu vyeupe nilimweleza habari nzima ya msasa. Ile Agosti ulipokuwepo hukutaka niseme, ulikuwa umeangalia sakafu. Safari hii nilikwenda peke yangu nikasema. Nilifikiri atacheka, na kusema kweli ningependa acheke. Akasema amewahi kuona wagonjwa walioacha mazoezi kabisa kwa wiki zile za vidonda, na wengi walirudi kwake wamefunga kuliko mimi. Vijiti vya mdogo wangu vilikuwa vyembamba, alisema, lakini viliniweka nikiachama kila siku, na taya linalotembezwa, hata kwa hatua fupi, si sawa na lililolala. Kisha akaongeza, "Fundi wako amekuibia kwa mkono mmoja na kukulipa kwa mwingine." Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema ili uache kuangalia sakafu.

Amenipima. Sentimita tatu na nusu. Hatujafika nne na nusu, na alinieleza wazi kwamba pengine hatutafika. Tena hili si jambo la kumaliza. Misuli itajaribu kukaza mwaka kesho na mwaka unaofuata, na mimi nitakuwa nikiachama mbele ya kioo mpaka nizeeke. Nikamwambia nina mazoea ya kufanya kitu kilekile kila siku kwa saa ileile. Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza.

Vidole vitatu havijaingia. Viwili vinaingia vizuri na cha tatu kinabisha hodi. Napima kwa vyote sasa, rula, vijiti na vidole, ili kimoja kikidanganya kingine kiseme.

Bado nakumbuka wiki zile tatu za Agosti, wewe na mimi tumeketi mezani tukitazamana, tumeachama kama viboko wawili, wewe unahesabu kwa vidole kwa sababu huwezi kusema umeachama. Mama mwenye nyumba alichungulia akarudi kimya. Na siku ile ya nne ulipokuwa ukiangalia nikila. Nilijua unatazama kijiko. Kilipita, ukaondoka ukaenda kupiga misumari kwenye bati kwa nguvu ambayo bati lile halikuihitaji.

Jumatatu iliyopita nilirudi stesheni. Zamu fupi, treni mbili tu za asubuhi, na maji yangu karibu, maana mate hayajarudi yote. Kiti kinazunguka, nimekizoea. Maneno mengine yanatoka yamekunjwa kidogo, hasa yenye mdomo mpana. Yule kijana alisimama nyuma yangu tayari kunipokea nikishindwa. Nilipomaliza treni ya kwanza akasema, "Mama, wanasimama kusikiliza." Nilichungulia dirishani. Walikuwa wamesimama kwa sababu treni ilikuwa bado haijaingia, lakini sikumwambia.

Sasa nikuambie lililonifanya nichukue kalamu leo Jumapili.

Unajua kwamba tangu Machi sijapiga mwayo. Nilikuwa nauogopa. Ukija nilikuwa nauzuia kwa mkono chini ya kidevu kama nazuia mlango, maana mwayo haukuombi ruhusa na haujui sentimita. Mwezi wa Juni mmoja ulinikamata njiani, ukakwama katikati, nikashika ukuta kwa maumivu.

Jana jioni nilikuwa nimemaliza kufua, nimekaa jikoni, nje kuku wa mama mwenye nyumba wanazunguka kutafuta pa kulala. Sikuwa nafikiria kitu. Ukaja. Kabla sijapeleka mkono kidevuni ulikuwa umeshapanda. Ukavuta upande wa kulia, ukavuta sana, nikangoja ukwame. Haukukwama. Ulikwenda mpaka mwisho wake wenyewe, masikio yakapiga, macho yakatoa maji, na sauti ikatoka, ile ile ya ukoo wetu. Nilipofumbua macho kuku mmoja alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia.

Nilicheka peke yangu. Halafu nililia kidogo. Halafu nikanawa uso, nikafanya mazoezi ya jioni, nikavianika vijiti vyako dirishani juu ya kitambaa.

Kwenye shajara ya jana nimeandika mstari mmoja tu, nakunakilia kama ulivyo:

Jumamosi, 9 Novemba. Asubuhi jua, mchana mawingu. Nimepiga mwayo mzima. Nimelala saa tatu na robo usiku.

Dada yako.